Bundi Yupi?

Katika hadithi zetu bundi ana kazi moja: kulia ili mtu afe. Muhula uliopita, kwenye semina ya uandishi, tulisomeana hadithi fupi tulizotunga wenyewe. Kila bundi aliyetajwa alitua juu ya paa, akalia, na baada ya aya chache kulikuwa na msiba. Filamu zetu nazo ni vilevile. Mlio ukisikika, mtazamaji anajua mchawi yu njiani. Ndege mwenyewe hana rangi, hana ukubwa, wala hatujui anakula nini. Ni kengele tu.

Ndiyo maana nilikisoma kwa wivu kitabu cha Jonathan Slaght, *Owls of the Eastern Ice*, kilichotoka mwaka 2020. Slaght ni Mmarekani, na anasimulia miaka aliyoitumia kumfuatilia bundi mla samaki wa Blakiston katika misitu ya Primorye, mashariki ya mbali ya Urusi. Huyo ndiye bundi mkubwa kuliko wote duniani. Jike kubwa hupita kilo 4. Anahitaji mto ambao sehemu yake haigandi wakati wa baridi, na mti mzee wenye uwazi wa kutagia. Dume na jike huitikiana kwa mpangilio mkali hivi kwamba asiyewazoea hudhani analia ndege mmoja.

Kitabu kina mapungufu. Kurasa nyingi zinakwenda kwenye magari yaliyokwama, barafu inayopasuka na chupa za vodka, na kuna mahali nilichoka. Lakini Slaght hamgeuzi bundi kuwa alama ya kitu kingine. Bundi wake ana njaa, ana mwenzi, ana mti wake, na ana barabara za wakata magogo zinazomkaribia. Tukimwogopea, tunajua tunamwogopea nini.

Ila Slaght anaweza kuanza na ndege. Mwandishi wa kwetu anaanza na hofu.

Nimekulia Ruanda, wilayani Mbinga, kando ya barabara inayotoka Kitai kwenda Lituhi. Jirani yetu alikuwa bibi mjane, na bundi alizoea kutua kwenye mwembe wake. Mwaka mmoja mtoto wa nyumba ya tatu alifariki kwa homa. Sikusikia mtu akiuliza kwa nini alicheleweshwa kupelekwa zahanati. Waliuliza yule bundi ni wa nani. Hakuna aliyemgusa bibi. Waliacha tu kumwamkia, na kisimani walikaa kimya mpaka aondoke. Kabla ya mvua za kupandia alihamia kwa binti yake Songea, na shamba lake likaota nyasi. Bundi aliendelea kuja. Mwembe ulikuwa hatua chache kutoka ghala la mahindi, na ghala lilikuwa na panya.

Hadithi zetu hazikumfukuza bibi yule. Lakini kila aliyemtazama alikuwa ameshasimuliwa mara nyingi namna mambo kama hayo yanavyoishia, na hakuna hadithi hata moja iliyomtaja panya.

Duniani kuna aina zipatazo 250 za bundi. Yuko mdogo wa jangwa la Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, mwenye uzito wa gramu 40 hivi, anayeishi katika matundu ya mpungate mkubwa. Yuko anayekaa kwenye mashimo ardhini, na yuko mweupe wa nchi za barafu. Tusiende mbali: Pemba ina bundi wake asiyepatikana penginepo duniani. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, anajulikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya na chini ya milima ya Usambara. Kwenye mito yetu yuko bundi mla samaki mwenye rangi ya kutu, ambaye miguu yake haina manyoya. Na yule mweupe wa darini, mwenye uso wa umbo la moyo, hatoi kabisa mlio ule wa filamu. Anakoroma na kupiga ukelele mkwaruzo, kwa hiyo hata sauti tunayoitumia kututishia mara nyingi si ya ndege anayeishi juu ya vichwa vyetu.

Siombi imani zifutwe kwenye maandishi. Waainu wa Hokkaido walimheshimu bundi yuleyule wa Slaght kama mungu mlinzi wa kijiji, na hilo linamwongezea uzito. Nasi tuna la kusema: macho yanayotazama mbele kama ya binadamu, shingo inayozunguka hadi kupita nyuma, mbawa ambazo kingo zake laini humfanya apite bila sauti. Mtu akimwona gizani ana haki ya kushtuka. Mwandishi mzuri angetuonyesha mshtuko huo pamoja na chanzo chake, kisha angekaa hapo mpaka asubuhi aone chini ya mti kuna nini. Angekuta vidonge vya manyoya na mifupa ya panya, vile bundi hutapika baada ya kula.

Ruanda ya leo ina mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, na malori hupita usiku. Barabara ile ingetosha kitabu kizima: ndege anayewinda kwa masikio, katikati ya injini. Sijakisoma bado kwa Kiswahili. Wakati tunakisubiri, kwenye semina ijayo mwenzangu akisoma kwamba bundi alilia, nitamwuliza swali moja tu: bundi yupi?