Neno na Mstari katika Kazi za F. N. Souza

Wahakiki wengi wamemchukulia Francis Newton Souza kuwa mchoraji aliyeandika kwa nadra, na maandishi yake wakayafanya maelezo ya picha tu. Mtazamo huu una kasoro, kwani sanaa zake hizo mbili zina chimbuko moja.

Souza alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Saligao, Goa, enzi ya utawala wa Wareno. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Kisha akaugua ndui nusura afe, mama yake akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Francis Xavier. Mwaka 1945 alifukuzwa chuo cha sanaa mjini Bombay kwa kuunga mkono harakati za kuwapinga Waingereza. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Progressive Artists' Group, na mwaka 1949 akahamia London.

Mwaka 1955 jarida la Encounter lilitoa insha yake ya kitawasifu, "Nirvana of a Maggot". Mwaka uo huo maonyesho yake katika Gallery One yalifanikiwa sana. Yaani, sifa yake ugenini ilijengwa na kalamu pamoja na brashi. Kitabu chake Words and Lines (1959) kiliviunganisha viwili hivyo waziwazi.

Tukitazama fani, twaona ulinganifu. Katika picha ya Crucifixion (1959), Yesu si yule mpole mweupe wa picha za kanisani, bali ni kiumbe mweusi aliyekonda, mwenye miiba mwilini. Mistari ni minene na mikali. Katika nathari vilevile, Souza huweka utakatifu kando ya ugonjwa na uchafu, wala hamwombi msomaji radhi. Hasira yake kwa Kanisa ni ya mtu aliyelelewa ndani yake; ndiyo maana haiwi kejeli tupu.

Hata hivyo, hasira hiyo mara nyingine hugeuka mazoea. Baadhi ya picha zake za wanawake uchi zinarudia ukali bila kuuliza swali jipya. Udhaifu huu haufichiki, nao hauondoi thamani ya kazi zile bora.

Souza alihamia New York mwaka 1967, akafariki Mumbai mwaka 2002. Picha zake zimetazamwa sana. Maandishi yake nayo hapana budi yasomwe kwa makini yale yale.