Brutus na Antony Jukwaani

Katika *Julius Caesar* ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, watu wawili wanapanda jukwaa moja mbele ya umati mmoja. Brutus amejitayarisha barabara: hoja zimepimwa, sauti haitetemeki, anashangiliwa. Lakini wanaomshangilia wanataka awe yeye Caesar! Hoja yake dhidi ya utawala wa mtu mmoja haikumwingia yeyote, naye halitambui hilo. Anamwachia Antony jukwaa na kwenda zake. Huo si ujasiri wa msemaji, ni uziwi.

Antony huanza kwa unyonge. Hulia, hunyamaza katikati ya maneno, na katika kimya hicho watu wanaanza kusemezana. Wosia huutaja, kisha akakataa kuusoma, mpaka wenyewe waudai. Ndipo ashukapo kwenye maiti na kulionyesha joho lililotobolewa.

Wahutubiaji wetu wasiobandua macho kwenye karatasi humwiga Brutus, tena bila ya hoja zake. Wanapojizoeza nyumbani, wajipime pia ni kwa muda gani wanaweza kunyamaza bila ya kubabaika.