Barabara Ndiyo Huchagua Giaboksi

Katika Toyota nyingi za otomatiki zinazopita Emali, ubavuni mwa mkono wa gia kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, taa inawaka kwenye dashibodi: O/D OFF. Nimewasikia madereva wakiapa kwamba kitufe hicho kinaongeza nguvu. Wengine husema kinakula mafuta, na wengine hawajakigusa tangu gari litoke bandarini Mombasa. Kazi yake ni moja tu: kuizuia giaboksi isiingie gia ya juu kabisa, ile ambamo injini huzunguka polepole kuliko shafti inayotoka kwenye giaboksi. Gia hiyo ndiyo ovadraivu.

Magari ya Kimarekani yenye injini kubwa ya V8, yale ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 kama Mustang, Camaro na Charger, hayakuwa na gia hiyo kwenye giaboksi zao za otomatiki. TH400 ya General Motors, C6 ya Ford na Torqueflite 727 ya Chrysler zote ni za gia tatu, na ya tatu ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti nayo inazunguka mara moja. Magari haya ni machache Kenya, kwani sheria hutaka usukani wa kulia na gari linaloagizwa lisizidi miaka minane. Hata hivyo si wageni kabisa. Mwaka 2009 dereva Ian Duncan alishinda mbio za East African Safari Classic akiendesha Mustang. Mwenye gari la aina hii akitaka kulitoa Nairobi kupitia Makueni hadi Kitui, atafunga giaboksi gani?

Hesabu ya Emali

Tuanze na barabara ya Mombasa. Kutoka Sultan Hamud kupitia Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei ni zaidi ya kilomita 100, nyingi zikiwa zimenyooka. Chukua tairi lenye kimo cha sentimita 66. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi hilo huzunguka takriban mara 804 kwa dakika. Kama difu ni ya 3.73, yaani shafti huzunguka mara 3.73 gurudumu likizunguka mara moja, gia ya tatu ya TH400 itaifanya injini izunguke mara 3,000 kwa dakika. Ukifunga 700R4, otomatiki ya General Motors yenye ovadraivu, ambayo gia yake ya nne ni 0.70, injini inashuka hadi 2,100. Kwa 4L80E yenye gia ya 0.75 utapata 2,250, na kwa 200-4R yenye 0.67 utapata karibu 2,010.

Tofauti ya mizunguko 900 kwa dakika ni mizunguko 54,000 kwa saa moja. Hiyo ni mizunguko ambayo pistoni, beringi na masikio ya dereva hayakuihitaji. Faida ya ovadraivu iko hapo. Nguvu haiongezi hata chembe.

Watu wengi hufika hapa wakaona hesabu imekwisha, wakanunua giaboksi yenye namba ndogo kuliko zote. Lakini safari inaanza kwa kuondoka, na gia ya kwanza nayo ina hesabu yake. Ya 700R4 ni 3.06, na ya pili ni 1.63. Ukibadilisha gia injini ikiwa kwenye 5,000, inaanguka hadi takriban 2,660, na gari lenye kamshafti kali hukohoa hapo kabla ya kushika nguvu tena. TH400 na 4L80E zina 2.48 kisha 1.48, kwa hiyo injini inaangukia karibu 2,980. Pengo ni dogo, na injini haitoki mahali inapopumua vizuri.

Difu nayo ina neno. Gia ya 3.06 ikifungwa na difu ya 3.08 huondoa gari kwa nguvu ileile, kwa karibu sana, ya TH400 yenye difu ya 3.73. Lakini kwenye ovadraivu injini hiyo itakuwa inazunguka mara 1,730 tu kwa dakika kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Injini ya kawaida itafurahi. Injini iliyochongwa kwa ajili ya mbio itatetemeka kama mtu mwenye homa. Giaboksi na difu huchaguliwa pamoja, siku moja.

Kilima na joto

Sasa pinda Kibwezi. Barabara ya Ikutha na Mutomo, iliyotiwa lami miaka ya karibuni, inakupeleka Kitui kupitia nchi kavu yenye jua kali. Au panda upande mwingine, kwenye vilima vya Kilungu na Mbooni, kona juu ya kona. Hapa ovadraivu inageuka kuwa adui. Giaboksi inaingia gia ya nne, mlima unaikataa, inarudi ya tatu, barabara inalala kidogo, inaingia ya nne tena. Kila mabadiliko ni klachi inayosugua, na kila msuguano ni joto ndani ya oili.

Joto kubwa zaidi linatoka kwenye konvata, lile bakuli lililojaa oili linalounganisha injini na giaboksi. Oili husukuma oili, na kadiri pande mbili zinavyotofautiana mwendo ndivyo oili inavyochemka. Magari yenye nguvu hufungiwa konvata legevu inayoshika juu, tuseme kwenye 2,800, ili injini iruke haraka mwanzoni. Sasa kumbuka hesabu ya Emali: kwenye ovadraivu injini inazunguka 2,100 au 2,250, chini ya pale konvata inaposhika. Bila klachi ya kuifunga, konvata itateleza njia nzima hadi Mtito Andei. Kwa hiyo ovadraivu bila klachi ya kufunga konvata, kwenye gari la namna hii, ni kununua jiko la kupikia oili. Giaboksi zetu tatu za ovadraivu, 700R4, 4L80E na 200-4R, zote zina klachi hiyo. Tatizo ni fundi anayeacha kuunganisha waya zake kwa sababu gari limetembea bila hizo.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Kwenye gia ya moja kwa moja, sehemu zote za ndani hufungamana na kuzunguka kama kitu kimoja. Kwenye ovadraivu, nguvu hupita kwenye meno ya gia ndogo zinazozungukana, na kipande kimoja lazima kishikwe kisizunguke. Katika 700R4 kazi hiyo hufanywa na bendi, na klachi za gia ya tatu na ya nne ndizo za kwanza kuungua. Kukanyaga mafuta hadi sakafuni ukiwa kwenye ovadraivu, mlimani, ni kuweka mzigo wote juu ya kiungo kilicho dhaifu.

Walichofanya Mercedes

Wanaodhani otomatiki ni ya mjini waikumbuke Safari Rally ya Pasaka ya 1979. Mercedes walileta 450 SLC 5.0, gari zito lenye V8 ya lita tano, na giaboksi yake ilikuwa otomatiki ya gia tatu. Hannu Mikkola alimaliza wa pili, nyuma ya Shekhar Mehta aliyekuwa na Datsun 160J ndogo. Desemba mwaka huo, kwenye Bandama Rally ya Côte d'Ivoire, Mercedes walichukua nafasi nne za kwanza. Mwaka 1980 Vic Preston Jr akawa wa tatu hapa Kenya kwa gari la aina hiyohiyo.

Ukitazama kwa jicho la fundi, siri ni konvata ileile. Gari lenye nguvu likiruka kutoka kwenye shimo na tairi likagonga ardhi ghafla, kishindo kinarudi hadi kwenye difu na shafti. Giaboksi ya kubadilishwa kwa mkono inakipeleka chuma kwa chuma, konvata inakimeza ndani ya oili. Dereva naye anabaki na mikono miwili kwenye usukani na mguu wa kushoto huru kwa breki. Na giaboksi hiyo ya gia tatu haikuwa na ovadraivu. Kwa mzigo wa aina ile, gia ya moja kwa moja ilitosha.

Hukumu

Kwa injini isiyozidi nguvu za farasi 350 au karibu hapo, 200-4R ndiyo chaguo la busara. Urefu wake unakaribiana na wa TH350, otomatiki nyingine ya gia tatu ya General Motors, kwa hiyo mara nyingi shafti haihitaji kukatwa. Inataka umakini mmoja: kebo inayotoka kwenye kabureta ifungwe kwa kipimo sahihi, maana ndiyo inayoiambia giaboksi ibane kwa nguvu kiasi gani. Ikilegea, klachi zinateleza, na giaboksi nzima inaweza kuungua siku hiyohiyo. 700R4 nayo ina kebo hiyo na hatari hiyo.

Kwa injini ya nguvu za farasi 450 kwenda juu, nenda 4L80E. Ni mtoto wa TH400 aliyeongezewa ovadraivu. Ni nzito, ni ndefu, huenda sakafu ikagongwa nyundo kidogo, na inahitaji kompyuta yake ndogo. Vipuri vyake hutavipata kwenye maduka ya Grogan pale Nairobi kama vya Toyota, kwa hiyo agiza filta na sensa za akiba pamoja na giaboksi yenyewe. Vyovyote utakavyochagua, weka kipozaji cha oili cha pembeni chenye feni yake. Rejeta ya injini pekee haitoshi kwa jua la Kibwezi.

Kisha jifunze kupima. Wengi husimama Makindu kwenye hekalu la Masingasinga kunywa chai. Kabla ya kuingia, kama giaboksi ni ya General Motors, acha injini ikinguruma ukiwa kwenye P, chomoa dipstiki ya giaboksi, ipanguse kwa kitambaa cheupe, irudishe, ichomoe tena. Oili nyekundu iliyo safi ni afya. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama mkate ulioungua, usiendelee kupanda Kitui na ovadraivu. Rudisha gia ya tatu, punguza mwendo, na ukifika mwone fundi. Giaboksi huanza kunuka siku nyingi kabla haijafa.