Kizazi, Mlango na Shingo: Istilahi za Saratani kwa Mgonjwa Kijana

Katika makala haya tumekusudia kukihakiki kijikaratasi cha afya tulichokisoma katika kituo kimoja kisiwani Pemba. Kinahusu saratani inayoanzia kwenye shingo ya mji wa mimba, nacho kimeandikiwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Nia ya waandishi wake ni njema, na maelezo yao ya kitabibu kwa jumla ni sahihi. Kasoro imo katika istilahi. Tulimsikia mwanamke kijana, aliyekwisha kusomewa ukurasa wa pili, akimwuliza mkunga: "Basi, bibi, mimi ndio sizai tena?" Hakuwa na saratani. Alikuwa ameambiwa tu kwamba seli zake zimeanza kubadilika. Hofu yake ilizaliwa na maneno.

Tuanze na jina la kiungo. Katika ukurasa mmoja mna "mlango wa kizazi", "shingo ya kizazi", "shingo ya uzazi", na mwishowe "kizazi" peke yake. Dhana moja imepewa majina manne, na la mwisho ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Neno kizazi latokana na kitenzi zaa. Husemwa "hana kizazi" kwa mtu asiyejaliwa watoto. Husemwa "amefunga kizazi" kwa aliyefungwa mirija, ingawa mji wa mimba haukuguswa. Tena husemwa "ametolewa kizazi" kwa aliyeondolewa kiungo chenyewe. Kwa hiyo basi, anayesoma "kizazi kitakatwa kidogo" hasomi habari za kiungo. Asoma habari za wanawe ambao hawajazaliwa. Hali kadhalika chanjo ya virusi vya papiloma, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ikifupishwa kuwa "chanjo ya kizazi", mzazi ana haki ya kuuliza inafunga nini.

Neno mlango nalo halitoshi, kwa kuwa humpeleka msikiaji kwenye sehemu ya nje ya mwili. Shingo ndiyo sawa: ni sehemu nyembamba ya chini ya mji wa mimba, na hata jina la Kilatini la kiungo hicho maana yake ni shingo. Tunapendekeza "shingo ya mji wa mimba". Ni refu, twakiri. Lakini halina utata.

Pili, kijikaratasi kinayaita mabadiliko ya seli "dalili za awali za saratani". Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu si mvua. Lakini katika lugha ya hospitali dalili ni ishara ya ugonjwa uliokwisha kuingia. Isitoshe, mabadiliko haya hayana maumivu wala damu. Huonekana kwa kipimo tu. Basi istilahi hii yakosea mara mbili: humtisha aliyepimwa, na humpumbaza asiyepimwa, kwani asiyehisi dalili yoyote hujiona mzima. Aghalabu mabadiliko huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu ya mwili miaka 5 hadi 10. Huo ndio muda wa kuokoa maisha. Tunapendekeza "mabadiliko tangulizi".

Tatu ni majina ya tiba. Kijikaratasi kinakusanya tiba zote chini ya "kuchoma au kutoa kizazi". Hapa pamechanganywa mambo manne. Mabadiliko tangulizi huondolewa kwa baridi, kwa joto au kwa kukata kipande cha shingo. Mji wa mimba hubaki, na mwanamke aweza kuzaa, ijapokuwa aliyekatwa kipande hukabiliwa zaidi na hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Saratani ikiwa changa na ndogo, yawezekana kuondoa shingo peke yake, njia aliyoieleza daktari Daniel Dargent wa Ufaransa mwaka 1994. Ikizidi, huondolewa mji wa mimba wote. Ikienea zaidi, hutumiwa mionzi pamoja na dawa, na mionzi hiyo hudhuru ovari hata mwanamke asiweze tena kushika mimba.

Hatusemi kwamba istilahi zilainishwe ili kuficha jambo hili la mwisho. La hasha! Kwa miaka mingi wagonjwa wa visiwani wamevuka bahari kufuata mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mwanamke wa miaka 28 anayepanda meli Mkoani ana haki ya kujua, kabla ya safari, kitakachoondolewa na kitakachobaki.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri na watumishi wa afya waandike "tiba ya baridi", "tiba ya joto", "kukata kipande cha shingo", "kuondoa shingo", "kuondoa mji wa mimba" na "tiba ya mionzi", kila moja mahali pake, na kando ya kila moja waongeze sentensi moja ya kujibu swali la yule kijana: atazaa au hatazaa. Wenye istilahi bora zaidi, hasa wakunga wa Pemba, watuletee, tutazichapisha.