Kuutambua Mmea Bora wa Ndani Kitaluni

Ubora wa mmea wa ndani haupimwi kwa urefu wala kwa wingi wa maua. Hupimwa kwenye mizizi, kwenye machipukizi na upande wa chini wa majani, sehemu ambazo mnunuzi mwenye haraka hazitazami. Ndiyo maana mche wa bei ndogo kutoka kitalu cha kando ya barabara unaweza kupamba sebule kwa miaka, na ule wa bei kubwa uliochanua wote ukanyauka baada ya wiki chache.

Ukaguzi huanzia chini. Kiriba au chungu huinuliwa na matundu yake kuangaliwa. Mizizi mizima huwa myeupe au ya rangi ya maziwa, ni migumu, na hunukia udongo. Iliyo kahawia, inayoteleza na kutoa harufu mbaya, imeozeshwa na maji. Mizizi iliyojizungusha hadi kuziba matundu huonyesha kwamba mmea umebanwa kwa muda mrefu. Huo bado unafaa, mradi bei ipunguzwe na uhamishiwe chungu kikubwa zaidi. Mche unaochomoka kwa kuvutwa kidogo haujashika udongo na haufai kununuliwa.

Juu ya udongo, shina husimulia mmea ulivyotunzwa. Uliokosa mwanga hurefuka, vifundo vyake huachana na majani huwa madogo. Mfupi wenye vifundo vilivyokaribiana na ncha inayochipua ni bora kuliko mrefu uliolegea. Jani moja la chini kuwa njano ni uzee wa kawaida, lakini majani machanga yakiwa njano kuna tatizo. Kisha majani hugeuzwa: utitiri huacha vidoadoa vilivyopauka na utando mwembamba, vidung'ata hujificha kwenye makwapa ya majani kama vipande vya pamba, na vidukari huacha unato. Mmea mmoja wenye wadudu unaweza kuambukiza yote iliyomo nyumbani.

Kila aina pia ina vipimo vyake. Zamioculcas zamiifolia, mmea wa asili wa Afrika Mashariki, huhifadhi maji kwenye viazi vyake vya chini ya udongo. Mzuri huwa na mashina magumu na chipukizi jipya, na majani mengi ya njano ni dalili ya kumwagiliwa kupita kiasi. Sansevieria yenye kingo za njano inunuliwe ikiwa na chipukizi pembeni, kwa kuwa kipande cha jani kikipandwa huota mmea wa kijani bila kingo hizo. Rangi hubaki pale tu chipukizi linapogawanywa pamoja na mizizi yake. Ua la Usambara, lililopewa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893, huchaguliwa kwa majani yaliyolala bapa kuzunguka kitovu kimoja, yasiyo na madoa ya maji baridi. Lenye matumba mengi hudumu kuliko lililokwisha kufunguka lote, na jani lake moja zima likichomekwa pamoja na kikonyo chake kwenye udongo wenye mchanga hutoa miche mingine bila gharama.

Kwa anayenunua pia maua ya kukatwa ya kupamba ndani, waridi hubonywa taratibu chini ya kichwa, panapokutana na kikonyo. Likiwa gumu ni bichi. Likiwa laini limekaa sana. Petali za nje zenye michubuko si kasoro, kwani huachwa kuzilinda za ndani na huondolewa nyumbani. Shina lenye utelezi limekaa kwenye maji machafu.

Mwisho hutazamwa mahali mmea utakapowekwa. Zamioculcas na sansevieria huvumilia kona yenye mwanga hafifu na kusahauliwa maji. Ua la Usambara hutaka dirisha lenye mwanga mwingi usio wa jua kali. Mmea mzima ukiwekwa pasipoufaa hudhoofika, hata ukiwa umechaguliwa kwa makini.