Fumbo la Picha na Kiswahili cha Kolwezi

Mchezo wa Dingbats, uliobuniwa na Paul Sellers nchini Uingereza katika miaka ya 1980, humtaka mchezaji aitazame kadi yenye herufi na michoro, alitambue neno au msemo uliofichwa humo, ndipo asogee mbele ubaoni. Ni rahisi kudhani kwamba ili tuupate kwa Kiswahili yatosha kutafsiri kadi. Dhana hiyo haina msingi. Kadi nyingi za Kiingereza hutegemea mahali neno lilipoandikwa: juu, chini au ndani ya jingine. Misemo yetu aghalabu hujengwa juu ya kitenzi. Nani atachora njama inayoliwa?

Utajiri wetu uko kwingine, katika homonimu. Mchoro wa paa, mnyama wa porini, waweza kusomwa paa la nyumba, au hata kitendo cha kupaa. Kaa wa baharini huwa kaa la moto. Hata hivyo, hapa panahitaji uangalifu. Mchoro wa mbuzi unaotaka jibu la mbuzi ya kukunia nazi humchekesha mtoto wa Tanga. Kwa mtoto wa Kolwezi, aliyelelewa kwa bukari na sombe, kadi hiyo ni bubu. Tuchore basi gunia la makaa. Mtu wa Kolwezi atajibu “makala”, neno ambalo Dar es Salaam huandikwa gazetini. Mwamuzi aliyeshika kamusi ya Kiswahili sanifu atalihesabu kosa. Kwa maoni yangu ndilo fumbo bora kuliko yote niliyoyataja, maana haliwezi kufumbuliwa kikamilifu na mtu wa mji mmoja.

Suala hili si la mchezo tu. Kiswahili cha Katanga kilienea sana katika kambi za wafanyakazi wa migodi baada ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, na Johannes Fabian alikichunguza kwa kina katika kitabu chake cha 1986. Kukipima kwa kadi za pwani ni kuwahukumu wasemaji wake kuwa hawajui lugha, ilhali wasichokijua ni jiko la wenzao.

Kadi zichorwe huko huko. Karibu na Kolwezi, Mashamba ni jina la machimbo ya wazi ya shaba na kobalti. Kadi ikionyesha jembe na matuta mawili, mgeni atakayesema “kilimo” atabaki alipo ubaoni, na mwenyeji atakayesema “shimo” atasogea.