Sufuri Iliyo Mwishoni mwa Jina

Mtu wa Bweni, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Mafia, akiiunganisha kompyuta yake ya mtumba na intaneti ya simu, kila MB inakatwa kwenye bando alilonunua mwenyewe. Ikiwa kompyuta hiyo inatumia Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, kuna fundi asiyemjua ambaye amemfikiria.

Chukua libsecret, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za Linux kuhifadhi nywila badala ya kuziacha wazi kwenye faili. Yenyewe si kasha. Huipokea nywila na kuipitisha kwenye D-Bus, njia ya programu kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, hadi kwa mtunzaji kama GNOME Keyring. Walioiandika wanastahili sifa zao. Mimi namhusudu anayeifungasha.

Kwanza ameigawa. Libsecret-1-0 ni ya kuendeshea programu, libsecret-1-dev ni ya waandishi wa programu, libsecret-tools ni ya anayetaka kutoa amri kwa mkono. Kila mtu anashusha fungu lake tu.

Lakini ustadi wenyewe umo kwenye faili linaloishia na neno symbols. Humo kila kazi ya maktaba imeandikwa mstari wake: secret_password_store, secret_password_lookup, secret_password_clear, na kando ya kila jina, toleo lililoanza nalo. Kifurushi kinapojengwa upya, orodha hiyo hulinganishwa na kilichomo. Jina moja likikosekana, ujenzi unakwama papo hapo, na mfungashaji hana budi kulitafuta limekwenda wapi na programu za nani zitakufa kwa kulikosa. Kama limeondolewa kweli, ile sufuri iliyo mwishoni mwa jina la kifurushi lazima ibadilike, na kila programu inayoitegemea ijengwe upya. Ukiipindua mikeka ya Bweni inayosifika Mafia nzima, mkono wa msukaji unauona kwenye mshono; sufuri ile nayo ndiyo mshono wa kazi hii. Ikidumu, dosari ya usalama ikizibwa, mtu wetu anashusha kifurushi kisichofika MB moja na programu zake zote zinazoitegemea zinapona kwa pamoja.

Uangalifu huo hauishii kwenye majina, na una sababu. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, 5.6.0 na 5.6.1, matoleo yaliyokuwa yameshaingia Debian ya majaribio. Kipande kilichouamsha hakikuwamo kwenye hazina ya Git, msimbo unakotunzwa. Kilitiwa kwenye furushi la kutolea peke yake. Kwa maktaba inayoshika nywila za watu, kulinganisha hazina na furushi naona ni wajibu, hata siku ambayo mtu amechoka.

Kisha huja majaribio. Sehemu kubwa ya libsecret haijaribiki bila D-Bus, basi mfungashaji huanzisha D-Bus ya muda palepale inapojengwa, nywila za uongo zinawekwa, zinasomwa, zinafutwa. Majaribio yote yakipita, ndipo anapotia saini kwa ufunguo wake wa GPG na kukipakia kifurushi.